Kitambaa Kilichofuliwa Mara Saba

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, Mungu awape pumziko jema, ya kwamba katika usharika mmoja wa milimani, zamani zile makanisa yetu yalipokuwa bado yameezekwa kwa nyasi, alikuwako mwanamke mcha Mungu aitwaye Tirza. Khidma yake ilikuwa kufua kitambaa cha Meza ya Bwana. Kila Jumamosi alikichukua akateremka nacho kijitoni, na Jumapili asubuhi waumini walikikuta mezani kimenyooka, cheupe hata kinaumiza macho.

Lakini palikuwa na jambo. Vitambaa vya usharika ule havikudumu. Kilichoshonwa Krismasi kilifika Pasaka kikiwa chepesi hata unaona vidole vyako upande wa pili, na Pentekoste kikachanika. Mzee Elifazi, mtunza vyombo vya kanisa, alikuwa mtu mwema ila mkali sana kwa mali ya Bwana. Akanung'unika mbele ya wazee wenzake kwamba katika sharika zote za mlimani ni wao tu ambao Meza yao inakula vitambaa kuliko watu wanavyokula mkate. Wazee wakacheka, kisha wakamwomba Mama Priska akaangalie kulikoni.

Mama Priska alikuwa mjane wa mwinjilisti wa kwanza wa pale, na ndiye aliyekuwa akiwanasihi wanawake, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho. Alikuwa na njia yake. Mwenye moyo mzito alimkaribisha nyumbani Alhamisi alasiri, akamtilia mahindi makavu kwenye ungo, wakaketi ubavu kwa ubavu wakipukuchua. Alisema kwamba mtu akitazamwa usoni hufunga mdomo, lakini mikono ikipata kazi ulimi nao hupata nafasi. Majirani walishangaa shamba lake dogo linatoaje mahindi yasiyokwisha. Hawakujua kwamba alikuwa akienda kuyaazima kwa watu, akiwarudishia yakiwa yamepukuchuliwa.

Basi Mama Priska akateremka kijitoni, akamkuta Tirza amepiga magoti kwenye jiwe. Hakukitazama kitambaa. Alitazama mikono, maana ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyeshinda kwenye chokaa. Akaketi kando, akahesabu kimya. Tirza alikipaka sabuni, akakifikicha, akakisuuza, akakiinua juani. Kisha akakirudisha majini akaanza upya. Mara saba.

Mama Priska akamuuliza kwa upole kwa nini hakitoshi mara moja.

"Nikikisuuza nakigusa tena, Mama," Tirza akajibu bila kuinua uso. "Na mikono yangu si safi."

Ndipo yule mjane alipokumbuka jambo lililomfanya aone aibu. Kila ilipofika saa ya kushiriki, Tirza alikuwa akiinuka na kutoka, akaenda mlangoni kuwabembeleza watoto wachanga ili mama zao waende Mezani. Tangu apate kipaimara, miaka kumi, waumini walikuwa wakiusifu upole wake. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama yeye mwenyewe amewahi kula. Hakuwahi. Mikono iliyoiandaa Meza haikupata kupokea kitu kutoka juu yake, na wote walikuwa wakipita wakimshukuru.

Alhamisi ile Tirza akaalikwa kupukuchua. Akaja, akapukuchua, akaondoka. Alhamisi ya pili vivyo hivyo. Wiki sita zilipita wakizungumza juu ya mvua, kuku na kwaya, na Mama Priska hakumsukuma kwa neno lolote, ila kila mara kabla hawajaagana alimwombea kwa jina. Wiki ya saba Tirza akauliza, macho yake kwenye ungo, kama kiapo kilichoapwa kwa Biblia, cha kuficha uovu wa mtu, kinaweza kufunguliwa.

Mama Priska hakuwa mtu wa kujibu asilolijua. Akaomba muda. Kesho yake akaenda kwa mchungaji, akamweleza swali bila kutaja la nani, na Alhamisi iliyofuata akarudi na jibu.

"Tumesoma Maandiko pamoja, mimi na mchungaji," akasema. "Kiapo cha kumficha mwovu, Mungu hakukipokea hata siku ile kilipotamkwa. Hujafungwa, mwanangu."

Tirza akalia kwa muda mrefu. Kisha akasema. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, baada ya kufiwa na baba, alipelekwa kulelewa kwa baba yake mdogo. Huyo akamdhulumu mwili wake, na si mara moja. Kisha akamshika mkono akauweka juu ya Biblia ya nyumbani, akamwapisha kwamba akisema, Mungu atamfuta. Yule mtoto alimcha Mungu kuliko aliyemwapisha, ndiyo maana alinyamaza. Akisema, anavunja kiapo. Akinyamaza, ni najisi. Katikati ya mambo hayo mawili alikuwa ameishi miaka kumi na mitano, akifua.

Mama Priska akaweka gunzi chini.

"Nakusadiki," akasema. "Ulikuwa mtoto. Dhambi ile ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe."

Msidhani, ndugu zangu, kwamba alipona siku ile. Wapo wanaopenda kusimulia visa vya wacha Mungu kana kwamba machozi yakifutwa tu basi mambo yamekwisha, nami siwapendi wasimulizi wa namna hiyo. Tirza alirudi Alhamisi nyingi sana. Ziko siku alizokuja na habari moja ileile, akaisema tena tangu mwanzo, na Mama Priska akaisikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza. Ziko siku alizomkasirikia Mungu waziwazi. Mjane akamfungulia Zaburi, akamwonyesha kwamba watakatifu nao walilalama kwa sauti na hawakufukuzwa.

Siku moja Tirza akauliza, "Na wale watoto wawili?" Maana baba yake mdogo sasa alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wa pili, na nyumbani kwake walikuwamo wasichana wawili yatima. Mama Priska akamwambia kwamba watoto lazima watolewe mle leo hii, ila yeye hatalazimishwa kusimama mbele ya mtu. Akaenda mwenyewe na mchungaji, wakarudi na wale watoto kabla jua halijazama. Na baraza la wazee lilipokaa, Tirza akasema atasimama mwenyewe. Akasimama, akasema kweli. Yule mtu akakana, tena kwa kuapa. Ndipo mkewe aliyenyamaza miaka yote akainuka akasema binti hajaongeza neno. Yule mtu akavuliwa uzee wa kanisa, akakabidhiwa kwa serikali, akafungwa. Wale wasichana wakakaa kwa Mama Priska, na kwa mara ya kwanza mahindi ya shamba lake dogo yakapata wa kuyala.

Wakatokea waumini wenye haraka, wakamtaka Tirza atangaze msamaha Jumapili ileile ili usharika upumue. Mama Priska akawajibu mlangoni mwa kanisa bila kupandisha sauti:

"Mtu aliyevunjika mguu haambiwi acheze ngoma kesho yake. Mwacheni na Bwana wake, wanajuana."

Mwaka ukazunguka. Kule kijitoni mara saba zikawa tano, tano zikawa tatu. Siku alipofua mara mbili alikuja kueleza mbio mbio kama mtoto aliyepanda darasa, na wote wawili wakacheka mpaka punje zikamwagika ukumbini. Vidole vikapona. Akaanza kuimba kwaya, na kumbe alikuwa na sauti nene, ya kutikisa dirisha, ambayo hakuna aliyeijua.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Jumamosi yake Tirza akakifua kitambaa mara moja, akakianika, akaenda zake nyumbani kusuka nywele. Jumapili mapema Mzee Elifazi akaingia kutandika Meza, na pembeni mwa kitambaa akaona doa hafifu la divai ya juma lililopita. Miaka yote hakuwahi kuona doa pale. Alikuwa sasa anajua, kama walivyojua wote. Akalitazama, kisha akasogeza kinara cha mshumaa juu ya lile doa, akatoka nje kufuta macho.

Saa ya kushiriki ilipofika, watoto wakaanza kulia kama ilivyo desturi yao, na mama zao wakageuka kumtafuta Tirza. Tirza aliinuka kweli, lakini hakwenda mlangoni. Akapita katikati ya kanisa kwa mwendo wa kawaida, akapiga magoti, akafungua mikono yote miwili. Mchungaji akaweka mkate juu yake. Akala. Aliporudi mahali pake alikuwa akicheka na kulia pamoja, na mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akaanzisha wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba, kanisa zima likaupokea. Watoto wakaendelea kulia, hakuna aliyejali. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao, na hadi uzeeni alijisifu kwamba ndiye aliyelia kuliko wote.

Enyi mnaosoma, ikiwa miongoni mwenu yuko abebaye dhambi ya mtu mwingine akidhani ni yake, ajue kwamba Mungu wa Tirza hajabadilika. Amtafute Mama Priska wake, aseme. Na ninyi wengine, mnapomwona mwenzenu akiwahudumia siku zote, muulizeni kama naye amekula.

Kitambaa kile kilidumu miaka tisa, na doa lake pembeni.