Fisi Aliyekufa Mara Tatu

Paukwa.
Pakawa.
Macho mnayo?
Tunayo.
Yanaona?
Yanaona akiwapo wa kuyaonyesha.
Basi yafungeni, niwaonyeshe.

Hapo kale, ila si kale sana, maana watu walikwishaanza kutupa simu jalalani, palikuwa na Fisi mtengeneza sinema. Katika nchi ile hakuwapo mwingine. Kamera ilikuwa moja, nayo ilikuwa yake. Ilibebwa na punda wanne, kwata kwata, kwata kwata, na kila ilipotuliwa, ardhi iliguna. Nyumba ya kuonyeshea picha ilikuwa moja, nayo ilikuwa yake. Lilikuwa pango chini ya mlima. Nje mchana, ndani usiku.

Kazi ile ilikuwa na desturi moja. Fisi aliiweka mwenyewe siku ya kwanza, na wanyama wote wakaishika. Kibao cha kuanzishia picha kikishagongwa, ta, hakuna kusogea mpaka mwongozaji aseme kata. Mwigizaji alie, aanguke, aite mama yake, hakuna kusogea. Anayesogea anaharibu picha. Anayeharibu picha haitwi kuigiza.

Na kila mmoja alitaka kuitwa.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Kwale, binti wa Mama Kwale. Akaingia pangoni na Fisi. Punda na jamaa wakasimama nje. Kibao kikasema ta. Kamera ikasema krrr. Kwale akalia.

"Anajua kulia," wakasema punda.

"Kalitoa kwangu hilo," akasema Mama Kwale.

Jua likapinda. Fisi akasema kata. Akatoka peke yake, akijifuta mdomo.

"Mwanao amepita njia ya nyuma," akamwambia Mama Kwale. "Amekwenda mjini. Amekuwa nyota."

Wa pili kuitwa alikuwa Ngiri mdogo. Kibao kikasema ta. Kamera ikasema krrr. Ngiri akalia. Jua likapinda. Njia ya nyuma, mjini, nyota.

Wa tatu kuitwa alikuwa Pelele wa miambani. Ta. Krrr. Pelele naye akalia, na jua likapinda.

Kila Ijumaa adhuhuri Fisi aliwaonyesha picha zao ukutani mwa pango. Picha hazikuwa na sauti. Kwale alikimbia, akageuka, akafungua mdomo. Ngiri alikimbia, akageuka, akafungua mdomo. Mama Kwale alimletea mwanawe mtama kwenye kibuyu, akauweka chini ya ukuta pale alipokuwa akikimbia. Mama Ngiri alileta viazi vikuu. Ijumaa iliyofuata walikuta vyombo vitupu.

"Wanakula," Mama Kwale alimwambia mwenzake. "Alhamdulillahi, wanakula."

Sasa, mlangoni mwa pango palikuwa na fito, na juu ya fito alikaa Bi Kinyonga. Kinyonga, mnajua, hatazami kama sisi. Jicho lake moja lilimwona Kwale ukutani akifungua mdomo. Jicho la pili lilimwona Fisi kule gizani akifungua wake. Kwale alipofumba, Fisi alifumba. Kwale alipofungua, Fisi alifungua, akatafuna, na hakuwa na kitu mdomoni.

Bi Kinyonga akashuka. Akauzunguka mlima, hatua na kusita, hatua na kusita. Siku ya tatu alirudi palepale alipoanzia. Njia ya nyuma haikuwapo.

Bi Kinyonga naye alikuwa na chombo chake. Aliokota simu jalalani, kioo kimepasuka, akaokota na kijibao cha sola cha kuichaji. Kwa simu ile alipiga picha za siafu wakivuka njia, na za umande ukikauka juu ya jani. Wanyama walimcheka. Kamera gani hiyo, walisema, inayobebwa na mtu mmoja?

Siku hiyo aliyorudi kutoka mlimani, alimkuta jirani yake Digidigi, aliyelala chini ya kichaka chake, akijilamba kwato.

"Shoga, umepotelea wapi?" Digidigi akamwambia. "Nimeitwa. Keshokutwa naingia pangoni."

"Usiende."

"Nisiende?"

"Pango halina njia ya nyuma. Nimezunguka mlima mzima."

"Kwa mwendo wako? Labda walipokuwa wakiifungua ulikuwa hujafika."

"Fisi anawala, Digidigi."

Digidigi akaacha kujilamba. Akatabasamu kama mtu anayemsamehe mwenzake.

"Si kosa lako," akasema. "Ningekuwa mimi nimebaki na siafu na simu ya jalalani, ningesema hivyo hivyo. Wivu ni kitu kinachoumiza."

Bi Kinyonga akaona kwamba maneno hayatamwokoa rafiki yake. Kesho yake asubuhi akaenda kwa Fisi.

Alimkuta amelala mlangoni, kidevu juu ya mifupa ambayo alisema ni vifaa vya kazi.

"Bwana mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuomba kuigiza? Huna nyama we— huna sura."

"Sura sina, Bwana. Nimekuja kwa ajili ya sura yako. Picha zote za nchi hii ni zako, na wewe humo hata moja."

"Nani atashika kamera?"

"Ndilo ninalolisema. Wewe ukiwa nyuma ya kamera, mbele unakuwa nani? Kwale anajulikana. Ngiri anajulikana. Hata Pelele analiliwa kila Ijumaa."

Fisi akainua kichwa. "Analiliwa," akasema.

"Na analetewa chakula."

"Analetewa," akasema Fisi, na mate yakamtoka.

"Kwale mmoja analetewa kibuyu kizima. Sasa piga hesabu, Bwana. Siku utakayokufa wewe kwenye picha, shujaa, mkubwa wa nchi, nani atakuja mikono mitupu?"

"Nife?"

"Kwenye picha. Halafu unakaa pangoni gizani, unajitazama ukutani unavyokufa, na wao wanaleta."

Fisi akasimama, akajinyoosha, akazunguka mara moja.

"Nitakufa wapi?"

"Kinamasini, nyuma ya mlima. Kufa kwa kuzama kunaliza watu. Kamera yako haifiki kule, itazama na punda wake. Yangu inafika."

"Na Digidigi awepo," akasema Fisi. "Asimame karibu alie. Nikimaliza picha yangu, naanza yake."

"Awepo," akasema Bi Kinyonga.

Adhuhuri ya siku ileile aliyoitiwa Digidigi, jua lilisimama utosini, kivuli cha kila mnyama kimeingia chini yake. Wanyama wote walijipanga kwenye ukingo wa kinamasi. Ndege hawakulia. Punda mkubwa alishika kamba kwa meno. Ncha ya pili ilifungwa kiunoni mwa Fisi, ili avutwe akishakufa.

Fisi aliwageukia wanyama. "Desturi mnaijua."

"Tunaijua, Bwana."

"Kabla ya kata?"

"Hakuna kusogea."

"Nikilia?"

"Hakuna kusogea."

Bi Kinyonga akajishika kwenye tete lililoinama juu ya tope, simu ikiwa mkononi. Ta. Fisi akaingia. Bwi, bwi, bwi. Tope lilipofika magotini akainua mikono akalia.

"Kata," akasema Bi Kinyonga. Punda akavuta. Fisi akatoka.

"Nimekufaje?"

"Umekufa, Bwana, ila miguu iliogopa. Anayekufa haangalii anapokanyaga. Tena."

Ta. Fisi akaingia. Bwi, bwi, bwi. Tope likafika tumboni. Akalia kwa sauti ndefu, akataja ukoo wake.

"Kata." Punda akavuta. Safari hii alivuta mara tatu ndipo Fisi akatoka.

"Na sasa?"

"Sasa miguu imekufa. Sauti ndiyo bado, ni ya mtu aliyeshiba. Nani atamletea chakula aliyeshiba? Tena, Bwana, na uende mbele kidogo, penye mwanga."

Ta. Fisi akaingia. Bwi, bwi, bwi, akapita alipofika mwanzo, akapita alipofika mara ya pili. Tope likafika kifuani. Likafika shingoni. Akalia, na kilio hiki hakikutaja ukoo wa mtu.

"Huyo sasa," akanong'ona punda mdogo. "Huyo sasa anajua."

Mama Kwale alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza hatua za mtu nje ya nyumba.

"Kata," akasema Fisi.

Hakuna aliyesogea. Asemaye kata ni mwongozaji.

"Kata, nimesema. Punda, vuta."

Punda akajibu kwa meno yaliyofumbwa, kamba isimtoke. "Nikivuta nitaiharibu, Bwana. Na umefika pazuri."

"Nakufa kweli."

"Inaonekana, Bwana. Hongera."

Fisi akalia tena. Hapo Mama Kwale akainua kichwa. "Mwanangu alilia hivyo," akasema. "Sikilizeni. Alilia hivyo hivyo."

Mama Ngiri akamshika bawa. Naye alikuwa amekijua kile kilio.

Bi Kinyonga alisogea mbele juu ya tete. Jicho moja lilikuwa kwenye kioo kilichopasuka, ambamo Fisi alikuwa mdogo kama mende. Jicho la pili lilimwona alivyokuwa.

"Kwale yuko wapi?" akamwuliza.

"Mjini."

"Uso haukusema hivyo. Tena. Kwale yuko wapi?"

Tope likafika kidevuni. "Mjini, nakuapia."

"Tena. Kwale yuko wapi?"

"Nilimla," akasema Fisi. "Nilimla yeye, na Ngiri, na Pelele. Walikuwa watamu wote. Sasa sema kata."

Punda wanne walitazamana. Ndio waliosimama nje ya pango mara tatu, hatua kumi kutoka mlangoni, wakisifu sauti. Punda mkubwa akaiangalia kamba. Kisha akafungua mdomo, polepole, kama anayetaka kusema jambo. Kamba ikaanguka, ikateleza kwenye majani kama nyoka anayerudi kwao, ikamfuata mwenyewe.

Bwi.

Povu likapanda, moja, la pili. La tatu lilichelewa.

"Kata," akasema Bi Kinyonga.

Hakuna aliyesogea. Jua lilipinda, vivuli vikatoka chini yao vikaenda mbali, na bado walikuwa wamesimama.

Ijumaa picha ilionyeshwa pangoni, nayo ilikuwa na sauti. Wanyama waliitazama mara tatu bila kula kitu. Kamera kubwa ilibaki njiani, ikaota nyasi. Mwezi haukuisha, kila kichaka kilikuwa na simu yake ya jalalani na mwongozaji wake. Wana wa Pelele walipiga picha za mwewe. Mama Ngiri alipiga picha ya shimo alimozaliwa mwanawe, shimo tu.

Na Digidigi je? Digidigi alikuwa hai, na alikuwa amenuna.

"Wote wana picha," akamwambia Bi Kinyonga. "Mimi niliyeitwa kwa jina ndimi nisiye nayo. Umeniokoa, ahsante. Sasa nipige."

Bi Kinyonga alimpenda Digidigi. Akampeleka penye mwanga mzuri, na mwanga mzuri katika nchi ile ulikuwa kinamasini. Wanyama wakaja kutazama, wakajipanga. Ta.

"Tazama huku," akasema Bi Kinyonga. "Inua shingo. Rudi nyuma kidogo."

Digidigi akarudi nyuma.

"Kidogo tena."

Akarudi. Macho yake yalikuwa makubwa, na ndani ya kila moja palikuwa na jua dogo. Bi Kinyonga hakuwahi kupata picha kama ile. Siafu hawakuwa hivyo, umande haukuwa hivyo. Hata Fisi hakuwa hivyo.

"Kidogo tena. Vizuri. Usiseme kitu. Kidogo tena."

Ukingoni hapakuwa na aliyesogea.

Kata alilisema. Alilisema mwishowe, na Digidigi akarukaruka kuja kwake, akihema na kucheka. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka juu ya magoti, na tumbo lilikuwa na mstari wa tope. Bi Kinyonga akautazama ule mstari. Hakuwa ameuona. Kwenye kioo tope lilikuwa nje ya picha.

"Nimetoka vizuri, shoga?"

"Vizuri mno," akasema Bi Kinyonga, na hakumwonyesha.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Usiokote kitu jalalani. Picha ya maana hutoka kwenye kamera inayobebwa na punda wanne, iwe mikononi mwa mwenye meno. Na ukimsikia jirani analia, tulia kwanza, usije ukamharibia kazi.

Ngano yangu nimeitua. Tamu yake ni yenu.
Na chungu yake?
Mrudishieni aliyenipa.
Ni nani aliyekupa?
Amekaa hapo nyuma yenu, jicho moja kwenye kioo, na bado hajasema kata. Msigeuke.