Kisu cha Mwisho cha Karani Kajiru

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne na robo asubuhi, mume wangu Kajiru alikata roho katika nyumba yetu hapa Usangi, mkononi ameshika kisu. Msishtuke. Hakumdhuru mtu wala hakujidhuru. Kilikuwa kisu kipya, alikuwa anakitazama. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ameniachia hukumu ambayo peke yangu siiwezi.

Kajiru alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu walioapa, na wengi wao walidanganya. Alipostaafu akaanza kukusanya visu. Watu walimcheka. Jirani mmoja alimwuliza, "Karani, una ng'ombe wangapi wa kuchinja?"

"Sina hata kuku," akajibu. "Lakini shahidi huapa kisha akadanganya. Kisu hakiapi. Kikiwa kibovu kinakwambia siku ya kwanza."

Hakununua kisu sokoni. Alikwenda kwa fundi, akakaa naye kutwa nzima, akamtazama anavyosema na mkewe na anavyofanya kazi yake ikiharibika. Akiridhika na mtu, ndipo anaagiza. Kila kisu alikifunga kwa kitambaa pamoja na karatasi, na kwenye karatasi hakuandika habari za chuma. Aliandika habari za mtu. "Mkali wa maneno, lakini hapokei sifa isiyo yake." "Akikosea hucheka, kisha huanza upya." Visu vilifika thelathini na kimoja.

Katika mafundi wote aliwapenda watatu zaidi. Mzee Senzota, mhunzi wa Ugweno, wa Washana, ukoo wa wafua chuma, amepewa masikio: hugonga chuma akasikia ugonjwa ulio ndani. Eliamani, mchonga mipini wa hapa hapa Usangi, amepewa mikono: akishika mkono wako mara moja, hausahau. Bi Salha, mshona ngozi wa Mwanga mjini, amepewa subira: hajapata kutoa kazi ambayo haijaisha, hata ungemlilia. Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, Kajiru aliwaagiza watatu hao kisu kimoja. Senzota afue bapa, Eliamani atie mpini, Bi Salha ashone ala ya kukivika.

"Nataka niwaone wakiwa pamoja," aliniambia.

Kisha ini likamlaza. Hospitali wakatuambia tumrudishe nyumbani. Tangu siku hiyo aliomba kitu kimoja tu: akishike kile kisu kabla hajaondoka.

Senzota alifua bapa kwa springi ya lori, akalinoa mpaka likanyoa nywele za mkono. Binti yetu Zubeda akaenda kulichukua. Mzee akaligonga kwenye fuawe mara ya mwisho, akatega sikio.

"Lina ufa," akasema.

"Babu, mimi siuoni."

"Hata mimi siuoni. Nausikia."

"Baba hana siku nyingi, babu. Hatalikatia kitu. Nipe hivyo hivyo."

"Mjukuu wangu, baba yako alikaa kwenye kigoda changu kutwa nzima akinitazama. Leo nimtume kaburini na uongo wangu?"

Akalivunja mbele yake, nalo likakatika pale pale aliposema. Zubeda alirudi mikono mitupu, analia. Bapa la pili lilichukua siku nane, na siku hizo nane mume wangu alizihesabu kwa maumivu.

Eliamani alikuwa na kipimo cha mkono wa Kajiru tangu zamani, na mpini wa mti wa mpera alikuwa amekwisha kuuchonga. Siku moja akaja kumjulia hali. Akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko salamu. Nikaona uso wake umebadilika.

"Vipi, fundi," Kajiru akamwuliza, "mkono umepungua?"

"Ni ule ule, karani. Sema umekuwa mvivu."

Kajiru akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Eliamani akarudi kwake, akautupa ule mpini, akachonga mwingine, mwembamba, wa mkono wa mgonjwa. Aliniambia mimi tu, mlangoni, akanisihi ninyamaze. Nikanyamaza. Mpini huo leo haumkai mtu mzima yeyote. Mkono uliochongewa uko chini ya udongo.

Kisu kikapelekwa Mwanga kwa Bi Salha, maana ala haishonwi bila kisu chenyewe. Mvua za masika zikaporomosha mlima na magari yakaacha kupanda. Bi Salha alikuwa ameshona upande mmoja tu nilipompigia simu na kumwambia, "Dada, hafiki Ijumaa." Jumatatu asubuhi alifunga kisu kiunoni ndani ya ala iliyo wazi upande mmoja, akapanda mlima kwa miguu, mwanamke wa miaka sitini na moja. Alilala njiani kwa watu asiowajua. Kwenye utelezi alianguka, na kisu kikamkata ubavuni. Jumanne saa tatu aliingia hapa na khanga yenye damu.

"Haijaisha," akasema. "Nisameheni. Haijaisha."

Tukamketisha Kajiru kwa mito. Akakunja vidole kwenye mpini, vikakutana sawasawa.

"Unaona, mama Zubeda? Mkono wangu haujabadilika."

Nikasema, "Haujabadilika."

Akaligonga bapa kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye ala, akafika pasipo na uzi. Akamtazama Bi Salha, akasema polepole, "Umenipa kazi ambayo haijaisha. Sikujua kama nina thamani hiyo kwako."

Kisha akaniita karibu. "Visu hivi visitawanywe. Karatasi ya hiki bado nyeupe. Andika jina moja, na mwenye jina apewe vyote."

"Wamekifanya watatu, baba Zubeda."

"Jina moja. Aliye mkubwa wa tabia."

Nikamwuliza, "Nani?" Yeye tayari alikuwa anatamka shahada.

Siku ya arobaini walikuja wote watatu. Wao walikaa barazani, na mimi ndani nyuma ya pazia, kwa kuwa niko edani. Niliwaeleza wasia. Mwanzo walitaniana, kama wafanyavyo watu wanaoogopa kulia.

"Bila bapa," Senzota akasema, "mngemzika ameshika kijiti cha mpera."

"Na bila mpini, babu, ungempa mgonjwa ashike wembe," Eliamani akajibu.

"Nyinyi mmetengeneza kisu cha kukaa Mwanga," Bi Salha akasema. "Kilipanda mlima chenyewe?"

Kisha utani ukaisha, na Eliamani mwenyewe akaitoa siri ya mpini. Senzota akasema, "Eliamani, wewe ulimdanganya. Mtu aliyechukia uongo maisha yake yote."

"Nilimdanganya," Eliamani akakubali. "Wewe ulishikilia kweli, ikamla siku nane. Na wewe dada Salha ulimletea nusu ya kazi. Hatuna aliye msafi hapa."

"Mjini wananiuliza kama macho yangu yamekwisha, hata nikatoa ala isiyoisha," Bi Salha akasema. "Hilo nimelibeba. Silijutii."

Senzota akasogea karibu na pazia. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Mama Zubeda, mimi sivitaki kwa ajili ya chuma. Ninacho chuma. Nataka jina langu liwe kwenye ile karatasi."

Wengine wawili hawakumcheka. Nikajua kwamba nao wanataka hilo hilo.

Eda yangu imebaki siku kumi na moja, na nimejiwekea ahadi kuwa isiishe kabla sijatimiza wasia. Kila baada ya sala nachukua kalamu, naiweka chini. Nikimwandika Senzota, nawaza kwamba bila ukweli wake Kajiru angekufa ameshika kitu cha uongo. Nikimwandika Eliamani, nawaza kwamba bila huruma yake asingeweza kukishika kabisa. Nikimwandika Bi Salha, nawaza kwamba bila yeye kujivunjia jina asingekiona. Kuandika watatu nimekatazwa, na kuiacha nyeupe ni kumwasi maiti.

Nyinyi mliosikiliza, wakubwa kwa wadogo, mngekuwa na kalamu hii, mngeandika jina la nani? Semeni, nami nitawasikiliza.

Ewe Mola, mrehemu mja wako Kajiru, msamehe aliyoyajua na asiyoyajua, mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Na ikiwa nilikosea nilipomwambia mkono wake haujabadilika, kosa hilo liandike kwangu, usiliandike kwake. Amina.