Baiskeli Tatu za Kumfikisha Nyanzobe

Sogeeni, niwape kisa cha Usukumani, kisha mnisaidie kukata shauri.

Palikuwa na mafundi watatu wa baiskeli waliobishana kila siku. Budeba aliitoa cheni kwenye baiskeli yake, akaweka fimbo ya chuma yenye meno, iliyofichwa ndani ya bomba. Ilikuwa nzito kukanyaga, lakini tope haliingii. Kalekwa, mwanamke mwenye mikono mitulivu, alitumia mkanda wa mpira. Baiskeli yake ilikwenda kimya, bila kushtukashtuka. Mhoja alibaki na cheni. Alisema kitu kisichotengenezeka njiani hakifai kwa safari.

Masika moja, Nyanzobe, mjamzito wa kijiji chao, alishikwa na uchungu kabla ya wakati, damu ikaanza kumtoka. Gari lisingeweza kupita mbugani. Mumewe, Lusangija, akawakimbilia mafundi. Wakamlaza mgonjwa kwenye tela la kukokotwa na baiskeli, wakaondoka wote kuelekea hospitali. Lusangija alilisukuma tela kwa nyuma, macho hayabanduki usoni pa mkewe.

Mbugani, maji na tope vilifika kwenye pedali. Cheni ya Mhoja iliziba, mkanda wa Kalekwa ukateleza. Budeba ndiye aliyevuta tela, akikanyaga huku anatweta, mpaka ng'ambo. Huko meno ya chuma yakakatika, naye akaanguka chini, miguu imemwishia nguvu.

Ikafuata barabara ya kokoto. Mhoja alikuwa bado anaisafisha cheni yake, nao hawakuthubutu kumngoja. Kila tela liliporuka damu iliongezeka. Lusangija aliiona ikipenya khanga. Kalekwa akaupangusa mkanda wake, akalifunga tela kwenye baiskeli yake, akakanyaga kwa mwendo mmoja, laini, kama aliyebeba maziwa. Damu ikapungua. Nyanzobe akafumbua macho, akauliza kama wamefika. Lusangija akamjibu kwamba wamekaribia, ingawa kilima kizima kilikuwa mbele yao. Chini ya kilima hicho mkanda ukapasuka, na wa akiba hawakuwa nao.

Mhoja akawafikia, akaanza kupanda na tela. Katikati ya kilima cheni ikakatika. Mkono wa Nyanzobe ulikuwa umeanza kupoa. Lusangija akabaki ameikodolea macho ile cheni.

"Usiiangalie cheni," Mhoja alimwambia. "Zungumza naye."

Akatafuta jiwe, akatoa msumari mfukoni, akagonga, akaunga, akapanda tena. Walifika hospitali Nyanzobe angali anapumua.

Mtoto akazaliwa salama, mama akapona. Bibi wa mtoto akataka mjukuu apewe jina la aliyemwokoa, jina moja tu. Budeba alisema bila yeye wasingevuka mbuga. Kalekwa alisema bila yeye wangefikisha maiti. Mhoja alisema baiskeli zao zililala njiani, yake ilifika. Lusangija akawatazama mmoja mmoja, mtoto mikononi.

Haya, nyie mliokaa hapa: mtoto huyu mngempa jina la nani?