Mshindi Asiyecheza

Wapendwa, kabla ya neno lenyewe nina swali. Nani hapa ana simu mfukoni? Shusheni mikono, nilijua ni karibu wote. Mbili nimezisikia zikilia wakati wa sala.

Basi nisikilizeni. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mfugaji. Mifugo yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Sifa. Sifa ndiye aliyesomesha watoto, ndiye aliyenunua chumvi na sabuni. Asubuhi mama anakamua, anawapimia majirani, jioni anakamua tena. Tena alikuwa mtu safi. Katika usharika wao, ukijulikana unacheza kamari au bahati nasibu, wazee wanakutenga: huruhusiwi kushiriki meza ya Bwana mpaka utubu mbele ya watu wote. Yeye hakuwahi kutengwa hata siku moja, na hilo alijivunia kidogo. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msigeuke kumtazama.

Siku moja ikaingia barua pepe kwenye simu yake. "Mpendwa mshindi, hongera. Anwani yako imeshinda dola laki tano katika bahati nasibu ya kimataifa. Ili tukutumie fedha zako, lipa ada ya shilingi milioni moja na laki mbili kabla ya Jumatano saa kumi jioni. Kwa usalama wako, usimwambie mtu yeyote."

Mama akaisoma mara tano. Milioni moja na laki mbili angeipata wapi? Akatazama bandani. Sifa alikuwa anacheua, hana habari. Mama akampigia mchuuzi wa ng'ombe, wakakubaliana bei, mchuuzi akasema atafika Jumatano saa sita mchana na pesa taslimu.

Mnaona lilipofikia jambo? Ng'ombe anayewalisha kila siku anaondoka, kwa ajili ya barua ambayo haimtaji mama hata kwa jina. Wanaompa mtu dola laki tano, hawajui anaitwa nani.

Lakini Jumatano asubuhi moyo ukamsumbua. Hakuogopa wezi, hao hakuwafikiria kabisa. Aliogopa kutengwa. Fedha ya bahati nasibu, wazee wakisikia watasema nini? Barua ilimkataza kumwambia mtu, lakini akajisemea kwamba mambo ya kanisa hayafichwi. Akajifunga khanga, akaenda kwa mzee wa kanisa aliyekuwa jirani yake, fundi baiskeli, akamkuta ameinamia gurudumu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujieleza kabla hamjaniita."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Nimeshinda bahati nasibu. Hela nyingi, mzee. Naomba baraza lisinitenge."

Mzee akaweka spana chini. "Mama, wewe? Umeanza kamari lini?"

"Sijacheza," mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Haki ya Mungu sijacheza. Tangu nizaliwe sijanunua tiketi hata moja, sijajaza fomu, sijamtuma mtu. Mzee, mbona unanitazama hivyo? Huniamini?"

"Nakuamini kabisa, mama. Ndiyo maana nakuuliza. Asiyecheza anashindaje?"

Mama akaketi kwenye kigoda cha wateja. Halafu akasimama ghafla, akamweleza mzee habari ya ada na ya Sifa, maana jua lilikuwa limeshapanda, na mchuuzi ni mtu wa saa.

Wakaenda wote wawili mbio mbio, mzee na mikono yake ya grisi. Wakamkuta mchuuzi amekwisha kumtoa Sifa bandani, kamba shingoni, pesa mkononi. Mama akaishika ile kamba. "Baba, nisamehe. Ng'ombe haondoki." Mchuuzi akanung'unika, na alikuwa na haki, katoka mbali. Mama akamtilia lita mbili za maziwa kwenye chupa, mchuuzi akaenda zake amepoa. Kisha mama akaegemea ubavu wa ng'ombe wake, akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwahi kufurahi hivyo kwa kubaki na kitu ambacho tayari kilikuwa chake.

Baadaye akataka kuwajibu wale watu wa barua, awape maneno yao. Mzee akamzuia. "Usiwajibu hata kwa matusi, watajua anwani ina mtu. Futa." Akafuta.

Sasa, wapendwa, turudi kwetu sisi. Nini kilimwokoa mama yule? Usomi? Barua aliisoma mara tano na akaiamini mara zote tano. Kilichomwokoa ni kwenda kumwambia mtu. Wale wezi walilijua hilo kabla yake, ndiyo maana wakamharakisha na kumwambia anyamaze. Swali moja la fundi baiskeli lingewamaliza, na liliwamaliza.

Lakini tujiulize. Wangapi hapa wameshaliwa, na wamenyamaza kwa sababu wanajua tutawacheka? Mwizi anasema usimwambie mtu, na vicheko vyetu vinamsaidia kusema. Tukiendelea hivyo, sisi ndio wasaidizi wake. Kuanzia leo, mtu akikujia na barua yake, vuta kigoda, mwache aketi.

Mimi yangu iliingia Alhamisi. Ndiyo, mimi huyu mchungaji wenu. Nilikaa nayo siku mbili, nikapanga mpaka mabati mapya ya kanisa, na sikumwambia mtu. Jana nikamwonyesha mama mchungaji. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu, na ninyi sasa mnalijua.