Nguo za Siku ya Saba

Bi Khairiya alikuwa na siri aliyoitunza kuliko dhahabu zake. Mwanawe Shuaib, alipokuwa mdogo, aligeuka manjano na mkojo wake ukawa mweusi. Daktari alieleza kwamba chembe nyekundu za damu hujikinga kwa kuvunja sukari, na kimeng'enya cha kazi hiyo kilimpungukia Shuaib. Upungufu huo hupitia kwa mama, naye mara nyingi haugui.

"Asikaribie nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo nguoni; huivunja damu yake," daktari alionya. "Na bintiyo akizaa mtoto wa kiume, semeni mapema."

Bi Khairiya hakusema. Kila aliyeuliza alijibiwa kuwa ni safura tu, kwani nani angemposa Nadra, bintiye, katika nyumba yenye damu mbovu? Ukoo, ukoo! Watu wetu huufukizia udi hata unapooza.

Nadra akaolewa, akajaliwa mtoto wa kiume, Bakr. Siku ya saba, mamake mumewe, Bi Thuraya, alifungua sanduku na kutoa shuka na nguo za kitoto.

"Ndizo alizovaa babake, na babuye," alisema kwa fahari. "Nimezitia zidonge, hapana mdudu aliyezigusa."

Harufu ilimpiga Bi Khairiya, akayakumbuka maneno ya daktari. Akawatazama wageni waliojaa ukumbini.

"Mashallah," akasema, "nguo ndema."

Siku chache baadaye Bakr alikuwa manjano hadi machoni, hanyonyi. Hospitalini daktari aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Nadra alimgeukia mamake. Bi Thuraya alikuwa amesimama papo hapo.

"Hapana," Bi Khairiya akajibu. Mtoto akafunikwa tena shuka ile ile.

Bi Khairiya alipomfuata daktari faraghani kesho yake na kusema kweli, damu ya kumwongezea mtoto ilikuwa bado inatafutwa. Bakr akafa kabla haijapatikana.

Matangani, wanawake walipokuwa wakisema ni kudura ya Mungu, Bi Khairiya alishindwa kuvumilia.

"Nilijua!" alilia mbele ya wakwe na majirani. "Shuaib aliugua vivi hivi. Nilizinusa nguo, nikanyamaa!"

Nadra alimtazama mamake kana kwamba hamjui.

"Ungenena neno moya tu, mama," alisema. "Moya tu."

Mficha maradhi, kilio humfichua.