Udongo wa Kwao Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, na anayesinzia asimlalie mwenzake.

Hapo zamani za kale, Bibi Nyamizi ndiye aliyemwambia kwanza mjukuu wake Kalunde habari za wadogo wa udongoni. Walikuwa wanang'oa njugu mawe. Kalunde akaona vinundu kwenye mizizi, vidogo kama shanga, akataka kuvibandua.

"Viache," bibi akasema. "Hizo ni nyumba za wadogo. Ni wadogo hata jicho haliwaoni. Njugu huwapa makazi, nao huipikia njugu chakula. Ukiwafukuza, italala njaa."

Kalunde akacheka, kisha akasahau, maana mtoto hawezi kuweka kila neno.

Akakua, akaolewa nchi ya mbali, mwendo wa siku tatu. Kabla hajavuka mto wa kuingilia kijijini, wanawake wa huko wakamwosha miguu, wakamwosha mikono, wakaosha hata mbegu za njugu alizopewa na mama yake. Ndiyo desturi yao: udongo wa kwao bibi arusi usivuke mto, asije akakumbuka kwao. Tena mke haendi kuwaona wazazi wake mpaka avune kikapu kizima cha njugu zake mwenyewe.

Kalunde akapanda. Njugu zikaota za manjano, zikasinyaa. Mwaka wa pili akatia majivu. Njugu zikaota za manjano, zikasinyaa. Mwaka wa tatu akachota maji asubuhi na jioni, mtoto mgongoni. Njugu zikaota za manjano, zikasinyaa. Mtoto akaanza kutambaa, na mama yake Kalunde hajamwona mjukuu wake hata siku moja.

Kila mvua ya kwanza iliponukia, Kalunde alikumbuka jiko la mama yake, njugu zikitokota chunguni, na watoto wakiziiba kabla hazijaiva.

Siku moja aling'oa shina akaona mizizi mitupu. Ndipo maneno ya bibi yalipomrudia. Jongoo alikuwa anapita.

"Jongoo, wadogo wa udongoni wako wapi?"

"Unaniuliza mimi mwenye miguu yote hii, na haujaoshwa hata mmoja? Wa kwako walioshwa pale mtoni, siku ya arusi yako. Wa hapa wanaujua mtama tu, njugu hawaijui."

"Nitawapata wapi?"

"Kwenu."

Na kwao ndiko asikoweza kwenda.

Jioni ile mama mkwe wake, Nyanzala, alifunga safari. "Nakwenda kuwaambia wazazi wako kwamba walituoza mvivu. Una la kutuma?"

Tangu aolewe, Kalunde hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni kwa haya. Akajibu ameinama, "Mwambie mama, njugu zangu hazina vinundu. Ni hilo tu."

Siku ya saba wanawake wakaenda mtoni kumpokea, Kalunde nyuma yao. Nyanzala alikuja na kibuyu kichwani, amenuna.

"Nimetembea siku tatu," akasema. "Nimesema yangu yote. Mama yake ananisikiliza, ananipikia, halafu ananijazia kibuyu udongo. Kama kwamba sisi hatuna."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Umwage basi, dada, tukuoshe miguu."

Nyanzala akakiinamisha kibuyu juu ya maji.

"Mama, usimwage."

Wote wakageuka. Sauti ile ya Kalunde walikuwa hawaijui.

"Mama, usimwage. Njugu zikikataa safari hii, sitawataja tena watu wa kwetu mpaka nife. Lakini usimwage."

Nyanzala akamtazama, akaona anatazamwa usoni. Akampa kibuyu. "Vuka nao wewe," akasema. "Mimi sikuona kitu."

Kalunde akakiweka kibuyu kivulini mpaka mvua zikaanza. Akangoja jua lishuke, maana wadogo hawapendi jua kali. Akalowesha mbegu kwa uji mwepesi, akazigaragaza katika udongo ule, akazipanda. Njugu zikaota za kijani, zikatanda, zikazaa. Aking'oa shina, vinundu hivyo hapo, na ndani vyekundu kama ufizi wa mtoto. Kikapu cha kwanza kikajaa, cha pili kikajaa.

Jioni ya mavuno walikaa wawili wakimenya za kupika. Nyanzala akasema polepole, "Kwetu tulizitia magadi kidogo. Mimi pia nilikuja hapa na mbegu, mwanangu. Zilisinyaa mwaka hadi mwaka, nikaacha kupanda. Hata njia ya kwetu sasa naikumbuka nusu."

Kalunde aliendelea kumenya.

Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, alimfunga mtoto mgongoni, akabeba vikapu vyote viwili mpaka mlangoni kwa mama mkwe wake, akapiga hodi. Akamwekea kimoja miguuni.

"Mama," akasema, "tuanze na hiyo nusu unayoikumbuka."

Hadithi yangu imeishia hapo. Wao nimewaacha njiani.