Ufunguo wa Studio ya Bi Namkunda

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, palikuwa na mchoraji Lushoto aliyeitwa Bi Namkunda. Macho yake yalikuwa yakififia, naye alikwisha kuwaambia wanafunzi wake watatu, Zawena, Tekla na Mbaruku, kwamba atamwachia mmoja wao ufunguo wa studio.

Zawena ndiye aliyewachosha wenzake. Kila asubuhi aliondoa picha zilizoziba mlango wa nyuma. Kila jioni Tekla alizirudisha palepale. Kila siku Zawena alisema vitambaa vyenye mafuta ya rangi vikirundikwa hupata joto na kuwaka vyenyewe, vitiwe kwenye debe la maji. Mbaruku alimcheka.

Jumamosi moja walitarajiwa wageni wa kutazama picha. Asubuhi, akiharakisha kupanga chumba, Mbaruku alisokomeza vitambaa vyake kwenye boksi, akalisukuma chini ya meza ya mlango wa mbele, karibu na chupa za tapentaini ya kuyeyushia rangi, inayoshika moto upesi.

Alasiri wageni kumi na mmoja wakawa ndani. Bi Namkunda akasikia harufu ya kuungua. Hakuona moto. Alisikia miguu ikikimbilia mlango wa nyuma, akaijua: ni ya Zawena.

Kisha akaisikia sauti ya Tekla, tulivu kabisa: “Wageni wetu, kuna picha nyingine uani. Tushikane mikono, tupite huku nyuma.”

Wakapita bila kusukumana. Nyuma yao Mbaruku alilikumbatia boksi linalowaka kabla moto haujafika kwenye chupa, akatoka nalo kwa mbele.

Uani, Bi Namkunda aligusa wageni bega moja baada ya jingine, akihesabu. Alipofika la kumi na moja, akaketi chini.

Wiki iliyofuata aliwaita wote watatu.

Tekla alisema, “Mama, mimi ndiye niliyewatoa watu. Lakini mlango ule nilikuwa nikiuziba.”

Zawena alisema, “Walitoka kwa sababu kila asubuhi niliufungua mlango huo. Lakini siku yenyewe nilikimbia, sikumwita mtu.”

Mbaruku aliinua mikono iliyofungwa bandeji. “Moto niliutoa mimi. Na ni mimi niliyeuleta.”

Bi Namkunda aliutoa ufunguo, akaupapasa kwa vidole.

Nanyi mnaonisikiliza, semeni: kati ya hao watatu, nani alistahili ufunguo ule?